Likizo ya Uswidi na Arobaini ya Pwani
Nchini Uswidi wazazi hugawana siku 480 za likizo yenye malipo, na kila mmoja ana siku 90 ambazo hawezi kumwachia mwenzake, ilhali sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 na baba siku 3 tu. Hata hivyo, utafiti wa nchi 42 uliochapishwa mwaka 2021 uliona uchovu wa malezi umezidi katika jamii zinazomtanguliza mtu mmoja mmoja kuliko jamaa. Mzazi wa pwani, katika arobaini yake baada ya kujifungua, hukandwa kwa maji ya moto, huletewa uji wa pilipili manga, na bibi humpokea mtoto usiku. Lakini wanaokesha naye ni wanawake vilevile, na siku 3 za baba, kwa maoni yangu, ni dhuluma.