KiteModels: programu ya vishada vya umeme, nimeitumia tangu Januari

Nimekaa na KiteModels tangu Januari hapa Kasarani na naona sasa naweza kuisema vizuri. Ni ya bure, imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Julia, msingi wake ni utafiti wa TU Delft, chuo kikuu cha teknolojia kule Uholanzi, na kazi yake ni kuiga kwa kompyuta kile kishada cha kitambaa cha kuzalisha umeme, yaani kishada kinaruka kikichora nane hewani, kinavuta kamba, kamba inazungusha winchi yenye jenereta chini, ikiisha kishada kinalegezwa kinarudishwa kwa pawa kidogo tu, halafu kinaanza upya.

Mimi kilichonishika ni kamba. Kwenye daftari nilikuwa naichora imenyooka kama rula, na hata ile hesabu rahisi ya umeme wa kishada ya mhandisi Miles Loyd ya 1980 haijali uzito wake. Humu kamba inakatwa vipande vilivyoungwa kwa springi, na kila kipande kina uzito na kinapigwa na upepo. Niliweka vipande sita, kamba ya mita 150, nikawa napunguza upepo polepole. Kamba ikaanza kufanya tumbo pale katikati, kishada kikashuka, mvuto kwa winchi ukaisha nguvu. Aki nilirudia hiyo kitu kama mara kumi usiku huo!

Nimetumia modeli mbili za kishada. Ya nukta moja ni nyepesi lakini kishada ni nukta tu, uelekeo wake unakisiwa kutoka kwa kamba. Ya nukta nne kishada kina mwili, ukikikatisha kona unaona kinavyogeuka chenyewe, na hiyo ndio napenda. Ila kama unataka kuona kitambaa kikijikunja ncha au kikivimba, hapo utahitaji modeli nzito zaidi zinazopiga hesabu ya hewa na kitambaa pamoja.

Laptopu yangu ya RAM ya GB 4 ilikuwa inaganda kila saa, duka moja pale barabara ya Luthuli wakaniuzia RAM ya GB 8 isiyoingia kwa mashine yangu, nikarudi mara mbili ndio wakabadilisha. Pimisheni hapo hapo kaunta kabla mlipe. Tangu hapo inatembea sawa.

Nyota nne na nusu. Ukianza, chukua nukta moja, upepo mita nane kwa sekunde, na usiguse kitu kingine mpaka kishada kitulie.