Kliniki ya tiba mbadala Sinza: mabeseni sawa, ile mashine hapana

Wakuu, juzi Jumamosi nilijipeleka kliniki moja ya tiba mbadala huku Sinza, jina naliacha sitaki kesi. Shida yangu miguu, nasimama dukani Kariakoo kutwa, ikifika jioni imevimba na inawaka moto.

Huduma ya maji ni nzuri kusema kweli. Unawekewa mabeseni mawili, la moto na la barafu, unazamisha mpaka karibu na magoti, dakika tatu kwenye moto, nusu dakika kwenye baridi, unarudia unarudia unamalizia na baridi, elfu 10 tu na usiku nililala fofofo. (Mwenye sukari amwambie dada kwanza, miguu iliyokufa ganzi inaungua bila kujua.)

Sasa bango la ukutani ndo lilinichekesha, eti "Naturopathia, tiba ya mababu zetu" (naturopathia ndo hii ya kutibu kwa maji, mimea na vyakula). Mababu gani jamani? Wetu walituachia mwarobaini na mizizi yao, hadi Muhimbili kuna taasisi inazitafiti. Hii ya mabeseni asili yake Ulaya. Kuna mkulima Vincenz Priessnitz alikuwa anafunga watu mashuka ya maji baridi huko Gräfenberg, baadaye akaja padri wa Bavaria kule Ujerumani, Sebastian Kneipp, huyu akiwa mwanafunzi aliugua mapafu akawa anajitosa mto Danube kwenye baridi kali, akapona, akaishia kutibu watu kwa maji pale Wörishofen. Mjerumani mwenzake Benedict Lust naye akapona kwa Kneipp, akaibeba mpaka Marekani. Na hilo neno lenyewe la bangoni, naturopathia, alilibuni John Scheel wa New York mwaka 1895, Lust akalinunua 1902, yani jina limeuzwa kama fremu ya Kariakoo na kilemba juu!

Nikapelekwa kwenye mashine. Unashika kijiti, kompyuta inatema karatasi, figo zimechoka, ini lina sumu, nyongo ina mawe. Nyongo nilishatolewa 2019 mimi! Kumwambia hivyo jamaa hata hakustuka, akanitolea makopo ya unga ya laki na themanini. Nikauliza cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kiko wapi, "kipo ofisini kaka". Ofisi si ndo hii tumekaa?

Mabeseni nitarudi, ila nabeba taulo langu, yao mepesi kama leso.