KDE Plasma kwenye skrini ndogo: Vuta dirisha, bonyeza Shift, utazame mambo

Assalamu alaikum, hamjambo nyote, karibuni tena. Leo tunaitazama KDE Plasma, yaani sura ya dawati, madirisha na menyu kwenye kompyuta za Linux, na ndani ya Plasma nataka kitu kimoja tu: inavyopanga madirisha. Habari za kuisakinisha, inakula RAM kiasi gani, menyu yake imekaaje, hayo yamesemwa hadi yamechosha. Tunayaruka.

Tazameni skrini. Hii ni laptopu ya mtumba, zile zinazoletwa kutoka Uingereza, skrini yake 1366 kwa 768. Nimefungua jedwali la hesabu la LibreOffice, brauza, na PDF ya hati za mzigo. Yeyote anayefanya kazi za kutoa mizigo pale bandari ya Kilindini ananielewa hapa. Dirisha limelalia dirisha, unasoma namba ya kontena huku, unaenda kuiandika kule, ukifika ushasahau tarakimu mbili za mwisho. Alt na Tab, Alt na Tab, mpaka kidole kinauma.

Haya. Nabonyeza Meta, kile kitufe chenye nembo ya Windows, pamoja na T. Mmeona? Skrini nzima imegawanywa vyumba. Imekuja na safu tatu, na kwa skrini hii safu tatu ni mzaha, hesabu zako utazisomea wapi? Nafuta moja. Huu mstari wa katikati naukamata, nausukuma kulia... hapo hapo. Kikubwa kushoto, chembamba kulia. Hiki cha kulia nakigawa tena, juu na chini. Natoka.

Sasa ndio utamu wenyewe. Nalikamata dirisha la hesabu hapa juu, kwenye jina lake, nalivuta. Hakuna ajabu, linatembea tu. Sijaliachilia bado, angalieni kibodi: nabonyeza Shift. Vyumba hivyo! Nikilipeleka kushoto, chumba cha kushoto kinang'aa. Naachilia. Pa! Limeingia, limejaa pembe zote nne. Ngojeni na brauza... Shift, kulia juu, pa! PDF, Shift, kulia chini. Wallahi naweza kukaa hapa mpaka Maghrib nikicheza na hiki tu.

Na bado. Nataka jedwali liwe pana kidogo. Sirudi kwenye ramani ya vyumba, naukamata ukingo wa dirisha lenyewe, nausukuma. Tazameni yale ya kulia. Yanapisha! Yote mawili kwa pamoja, kama abiria wa matatu makanga akisema "sogea, sogea". Narudisha, yanafuata. Ndicho kilichonimaliza.

Najua mtu wa Windows ashaanza kuniandikia: "FancyZones ya PowerToys inafanya hivyo." Kweli, tena kwa Shift ile ile, siwezi kukataa. Lakini hiyo ni programu ya kuongeza, unaitafuta mwenyewe. Ile inayokuja na Windows 11, ukipeleka kipanya kwenye kitufe cha kutanua, inakupa mipango iliyokatwa tayari, uchague uondoke. Watu wa Mac nyinyi nyamazeni kidogo, Apple wameweka kupanga madirisha ndani ya macOS mwaka 2024 na Sequoia! GNOME je, ile sura nyingine ya Linux? GNOME yenyewe, bila kiongezo, inakupa nusu na nusu. Kushoto, kulia, kwaheri. Watu wa Ubuntu, Linux inayokuja na GNOME, wana afadhali, kuanzia toleo la 23.10 wamewekewa kiongezo cha kugawa skrini robo robo.

Sasa niseme na kinachoniudhi, msije mkaniambia nimelipwa. Nikifungua programu mpya, mathalan kikokotoo, kinatua juu ya kila kitu. Mpango wote nilioupanga, kikokotoo kimeukalia! Vyumba havijazi vyenyewe, kila dirisha ulivute wewe. Ukitaka yajipange bila kuguswa, nenda i3, programu ya Linux inayopanga madirisha yenyewe, ipo tangu 2009, lakini huko mipangilio yote unaiandika kwa mkono kwenye faili, na vitufe uvikariri. Mimi nilidhani siihitaji i3. Kila nikikitazama hiki kikokotoo, naanza kuitamani.

Jambo jingine: programu nyingine zina upana wao wa chini kabisa, hazishuki hapo. Ukizitia kwenye chumba chembamba zinamwagikia kwa jirani. Hilo si kosa la Plasma, ila kwa laptopu ndogo utakutana nalo mapema.

Kwa muda mrefu pia mpango mmoja ulitawala dawati pepe zako zote, zile skrini za ziada unazohamia kwenye kompyuta hiyo hiyo. Ukiwa na dawati la kazi na dawati la kuhariri video, vyumba ni vile vile. Wamelirekebisha kwenye Plasma 6.4, Juni 2025, kila dawati sasa na mpango wake. Mimi hapa niko Kubuntu 24.04, yaani Ubuntu yenye Plasma, na Plasma yake bado ni 5.27. Kwa hivyo naisubiri kwa macho tu.

Kabla sijasahau, wale mnaolalamikia sauti: ni tuktuk, studio yangu iko barabarani na madirisha haya ya mbao hayazuii kitu. Kuanzia wiki ijayo narekodi usiku.

Bei? Bure. Laptopu kama hii, ukijua kupatana, elfu ishirini na kitu hapa mjini unaipata, na usikubali wakuongezee pesa ati kwa ajili ya "kuweka Linux". Bando tu na flashi.

Ukitaka kujaribu usiku huu, fungua mipangilio, tazama toleo lako la Plasma. Likiwa 5.27 kwenda juu, hiki kitu tayari unacho. Likiwa chini ya hapo, Meta na T utabonyeza mpaka asubuhi, sasisha kwanza. Na anayejua dawa ya kikokotoo aniandikie hapo chini.