Union Version yenye itifaki: Biblia ya kusomea kwa mtu wa Unguja na Pemba

Mkristo wa visiwani anayetaka Biblia ya kusomea kwa makini, akiwa na pesa ya kitabu kimoja tu, anunue Union Version, tafsiri kongwe ya Kiswahili, chapa yenye marejeo (yanayoelekeza kwenye mistari mingine inayohusiana) na itifaki (orodha ya maneno iliyo nyuma). Akipata ya pili, aongeze Biblia Habari Njema. Wengi wanayo Union Version nyumbani tangu kipaimara, lakini hawajui wanacho kitu gani mkononi.

Jina lake halihusiani na Muungano wa 1964. Zilizoungana ni tafsiri: ya Kiunguja, kazi aliyoianza Askofu Edward Steere hapa mjini Unguja na ikatoka Biblia nzima mwaka 1891, na ile ya Mombasa. Agano Jipya la Union lilitoka 1950, Biblia nzima 1952. Steere ndiye aliyejenga kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa 1873. Kwa hiyo Kiswahili cha kitabu hiki kina damu ya huku, na msomaji wa Unguja ana faida ambayo mwenzake wa bara hana.

Faida hiyo ionekane katika Matendo 27, safari ya Paulo iliyoishia kuvunjika jahazi. Mabaharia wanapima maji na kupata pima ishirini, wakisogea kidogo wanapata pima kumi na tano, wanaogopa kupwelewa penye miamba, wanatupa nanga nne za tezi na kuomba kuche. Mtu wa Nungwi au Wete hafungui kamusi kwa tezi, yaani nyuma ya chombo, wala kwa kupwelewa, yaani kukwama. Akikumbuka kwamba pima ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, anaona mara moja kwamba kina kimepungua kwa robo katika mwendo mfupi, usiku, na hofu ile ina sababu. Vivyo hivyo Luka 4:17, Yesu anapopewa "chuo cha nabii Isaya". Kijana aliyezoea chuo kuwa mahali pa kusomea diploma atakwama hapo. Huku kwetu, penye mwanachuoni na watoto waendao chuoni, si vigumu kukumbuka kwamba neno hili lilikuwa na maana ya kitabu.

Saa nazo ni zetu. Kisimani kwa yule mwanamke Msamaria ilikuwa yapata saa sita (Yohana 4:6), jua la utosi, wakati ambao watu hawaendi kuteka maji. Siku ya Pentekoste Petro anasema hawakulewa, kwa maana ni saa tatu ya mchana. Hapana haja ya kugeuza chochote. Wao walihesabu kuanzia macheo kama tunavyohesabu sisi.

Lakini ukongwe huohuo unapoteza watu, na hapa ndipo kitabu kinapohitaji msomaji mwenye subira. Neno linalopotosha kuliko yote ni dogo: "hata". Yohana 3:16 inasema "jinsi hii Mungu aliupenda ulimwengu, hata akamtoa Mwanawe pekee". Wengi husoma "hata" ya leo, ile ya "hata mimi nilikwenda". Hapo maana yake ni kiasi cha kwamba: alipenda kwa namna hii, mpaka akamtoa. Katika Marko 15:33 giza lilikuwa juu ya nchi yote "hata saa tisa", yaani mpaka saa tisa. Zaburi 110:1 nayo, "Hata niwafanyapo adui zako", ni mpaka nitakapowafanya. Anayesoma Union Version aweke alama ya penseli kila anapokutana na "hata" kwa muda wa wiki mbili, ajiulize ni "mpaka", ni "kiasi kwamba", au ni "hata" ya kawaida. Sentensi nyingi zilizoonekana nzito zitafunguka. "Nchi" ni mtego wa pili: Mwanzo 1:1 haizungumzii taifa, inazungumzia dunia.

Mtego mkubwa zaidi uko Ufunuo 6:6. Sauti inatangaza kibaba cha ngano kwa nusu rupia na vibaba vitatu vya shayiri kwa nusu rupia. Rupia ilikuwa fedha ya Zanzibar mpaka shilingi ilipochukua nafasi yake mwaka 1936. Msomaji wa leo akisikia nusu rupia anafikiria senti, anadhani chakula kimekuwa rahisi, na mstari mzima unapinduka. Kigiriki kinasema dinari, na dinari kwa Mathayo 20:2 ni ujira wa kibarua kwa siku nzima. Kipimo chenyewe kwa Kigiriki ni karibu lita moja, posho ya mtu mmoja kwa siku. Basi kibarua anashinda shambani kutwa, anarudi na kibaba kimoja. Akila yeye, mke na watoto wanalala njaa. Hiyo ni bei ya njaa kuu, na ndiyo sababu mpanda farasi wa mstari uliotangulia (6:5) ameshika mizani. Watafsiri walichagua fedha iliyofahamika mikononi mwa watu wao, na kwa wakati wao haikuwa kosa. Fedha ile imekufa, maandishi yamebaki.

Panapo jambo ambalo Kiswahili kinamsaidia msomaji kuliko Kiingereza, ni wewe na ninyi. Kiingereza cha leo kina neno moja kwa yote mawili. Union Version haifichi. Yeremia 29:11, mstari unaopendwa kwenye kadi za harusi na vibandiko vya daladala, unasema "mawazo ninayowawazia ninyi". Mhubiri akiugeuza kuwa "Mungu ana mpango na wewe", ameacha kilichoandikwa mbele ya macho yake. Rudi mstari wa 1: ni barua kwa waliohamishwa kwenda Babeli. Mstari wa 5: jengeni nyumba, mkakae ndani yake. Mstari wa 10: miaka sabini. Watu wazima wengi walioipokea barua ile walizikwa ugenini kabla ya miaka hiyo kutimia. Ahadi ni ya kweli, ni ya taifa, na inapita umri wa msomaji wake wa kwanza. Mwenye mgonjwa hospitalini anayeambiwa kwa mstari huu kwamba wiki ijayo mambo yatanyooka ameahidiwa kitu ambacho Yeremia hakukisema, na yasiponyooka anadhani imani yake ndiyo iliyopungua. Uharibifu huo ni mkubwa na unaepukika kwa kusoma mistari kumi ya nyuma.

Luka 22:31-32 inaonyesha tofauti hiyo ndani ya pumzi moja: Shetani amewataka "ninyi", lakini nimekuombea "wewe" ili imani yako isitindike. Hatari ni ya wanafunzi wote, ombi limetajwa kwa Simoni, na kazi anayopewa ni kuwaimarisha wenzake. "Isitindike" ni isipungukie, isikome. Neno halisikiki tena mitaani.

Sasa itifaki, ile orodha ya maneno iliyo nyuma. Itumiwe mwisho, baada ya kusoma kitabu kizima. Wafilipi ina sura nne, kwa sauti haifiki nusu saa. Mtu akiisoma yote atajua kwamba "Nayaweza mambo yote" ya 4:13 inafuata maneno ya kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa, na kwamba mwandishi amefungwa. Anayeanzia itifaki huchuma "naweza" hapa, "ushindi" pale, akashona fundisho la viraka. Tena itifaki ya nyuma ya Biblia huwa ni teule, haina kila mahali neno lilipo, na inafuata neno la Kiswahili. Katika Yohana 3:8 upepo na Roho ni neno moja la Kigiriki. Ukitafuta "upepo" hutapelekwa kwenye "Roho". Yohana 21:15-17 kuna vitenzi viwili vya kupenda, Kiswahili kina kimoja. Kutafuta kwenye programu ya simu ni kwepesi zaidi na kuna hatari ileile, kwa kuwa kioo kinaonyesha mstari mmoja mmoja.

Marejeo yana thamani kuliko itifaki, na yanaachwa bila kuguswa. Jaribu Luka 4:18-19, kisha fuata rejeo mpaka Isaya 61:1-2. Yesu anasoma mpaka mwaka wa Bwana uliokubaliwa, halafu anakifunga chuo. Katika Isaya sentensi inaendelea: "na siku ya kisasi cha Mungu wetu". Pale aliposimama ni sehemu ya mahubiri yake, na asiyefuata rejeo hawezi kupaona.

Habari Njema ya nini, basi? Ni ya sikio. Zaburi 110:1 katika Union ni "Neno la BWANA kwa Bwana wangu": herufi kubwa ni jina la Mungu la Kiebrania, herufi ndogo ni bwana mwenye mamlaka. Ikisomwa kanisani kwa sauti tofauti hiyo inapotea, na hoja ya Yesu katika Mathayo 22:44 inapotea nayo. Habari Njema huandika Mwenyezi-Mungu pale penye BWANA, na msikilizaji anaelewa. Kasoro yake ni kwamba penye maana mbili humchagulia msomaji moja. Soma kwanza Union, ukikwama fungua hiyo, na zikitofautiana sana jua hapo pana swali la kumpelekea kasisi au mchungaji. Wanaosali Minara Miwili, kanisa kuu la Kikatoliki la mjini, wakumbuke Union ina vitabu 66; wanaohitaji 73 waulize chapa ya Kikatoliki ya Habari Njema, ipo.

Kuhusu kitabu chenyewe: karatasi ni nyembamba, wino wa kalamu hupenya upande wa pili, tumia penseli. Hewa ya chumvi hula zipu ya chuma ya kasha kabla ya kitabu kuchakaa, afadhali jalada lisilo na zipu. Wakati wa masika kisikae kabatini kimefungwa. Kitoe, kipeperushe kurasa, kisianikwe juani kwa kuwa gundi ya mgongo hulegea. Dukani kifungue katikati ukitazame mgongoni: ukiona uzi, kimeshonwa, kitadumu, ukiona gundi tupu, Mwanzo na Ufunuo zitang'oka kwanza. Na kabla ya kulipa, pitisha kidole kwenye kurasa za Malaki na Mathayo kuhakikisha hakuna karatasi iliyorukwa kiwandani, maana ukishavuka bahari na boti ni shida kurudi kuibadilisha.