Bonsai ya Bugenvilia Kutoka Kitaluni: Mti Mzuri, Maelekezo Mabaya

Mwishoni mwa Januari nilinunua bonsai ya bugenvilia, yaani mti unaotunzwa ubaki mdogo ndani ya chungu kifupi, katika mojawapo ya vitalu vya maua vilivyo kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, kwa shilingi 85,000 pamoja na chungu chake. Jina la kitalu sitalitaja, kwa kuwa mengi nitakayoyalalamikia hapa nimeyasikia pia kwa wauzaji wengine, na isingekuwa haki mmoja abebe lawama ya wote. Ninaandika baada ya kukaa na mti huo miezi minane, muda uliotosha kuuona ukipukutisha maua yote, ukikaa karibu miezi sita bila hata tumba moja, kisha ukichanua vizuri kuliko ulivyokuwa siku niliyoulipia.

Nianze na sifa, maana zipo. Shina lina unene wa kifundo cha mkono wangu, limepinda mara mbili kabla ya kugawanyika, na chini kabisa mizizi minne imejitokeza juu ya udongo na kuukumbatia kama vidole. Shina la namna hiyo halitokani na kipandikizi cha mwaka mmoja au miwili. Muuzaji aliniambia kwamba liling'olewa kwenye uzio wa zamani wa nyumba iliyokuwa ikibomolewa, nami nilimwamini kwa sababu upande wa nyuma lina kovu pana la msumeno ambalo gome jipya limeanza kulizunguka. Mti wa bugenvilia ni laini, na mahali palipokatwa huoza upesi pakituamisha maji, kwa hiyo kabla ya kutoa fedha nilikwaruza kovu lile kwa ukucha na kulikuta kavu na gumu. Kwa bei ile, shina peke yake lilitosha. Kuletewa mti hadi nyumbani bila malipo ya ziada nilikuhesabu kuwa bakshishi.

Pamoja na mti nilikabidhiwa karatasi ya maelekezo iliyopigwa chapa na kifuko cha mbolea. Karatasi ilisema mti uwekwe kivulini, umwagiliwe asubuhi na jioni, na upewe kijiko kimoja cha mbolea "ya kukuzia maua" kila baada ya wiki mbili. Mbolea yenyewe ilikuwa chembe nyeupe za mviringo, kama sago. Nilitii kila neno. Mti niliuweka barazani, chini ya paa, mahali ambapo wageni wangeuona, na baada ya siku tisa sakafu ilikuwa imetapakaa rangi ya zambarau huku matawi yakibaki matupu. Kupukutika huko sikulaumu sana, kwa sababu bugenvilia ikihamishwa ghafla kutoka jua kali hadi mahali penye giza huangusha maua yake. Kilichonisumbua ni yaliyofuata.

Mti ulinawiri. Machipukizi yalirefuka hadi kuzidi fimbo ya kutembelea, majani yakapanuka karibu sawa na kiganja, na kila mgeni akanisifu kwa mkono wangu wa kijani, lakini maua hayakuja. Siku moja mwezi Mei nilivaa miwani na kulichunguza tawi moja kwa karibu. Pale kila jani liliposhikana na tawi palikuwa na mwiba, nao ulikuwa bado mbichi, wa kijani, unaopindika ukiubonyeza kwa kidole. Nilihesabu miiba kumi na saba kwenye tawi hilo moja. Asiyeijua bugenvilia angeiona miiba hiyo kuwa jambo la kawaida, lakini mwiba na kikonyo cha maua cha mmea huu ni kitu kimoja kwa asili: kichomozo kile kile huwa mwiba mmea unapojishughulisha na kurefuka, na huwa kikonyo chenye maua mmea unapoacha kukimbilia majani. Hata tunachokiita ua si ua hasa, bali ni vijani vitatu vya rangi vinavyozunguka maua halisi, ambayo ni vijirija vyembamba vyenye vinywa vyeupe katikati. Kwa miezi minne, basi, nilikuwa nikiinywesha na kuilisha miiba.

Nilipompigia muuzaji simu, alinijibu kwa upole, kama anavyomjibu kila mtu: "Mama, huo mti hauna shida hata kidogo, ni mbolea tu haijatosha. Ongeza." Nilipopiga mara ya tatu alinitumia fundi wa bustani, ambaye alitoza shilingi 10,000 na kuupogoa mti wote kwa mkasi ukawa mviringo kama kichwa kilichotoka kunyolewa. Ulipendeza kwa wiki mbili. Alipotaka kurudi kuunyoa tena nilimkataza, kwa sababu bugenvilia hutoa maua kwenye machipukizi mapya, na anayekata ncha zake kila zinapojitokeza anakata maua kabla hayajazaliwa. Huduma hii ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika ununuzi wangu, na fedha ile naihesabu kuwa imepotea.

Ajabu ni kwamba kitalu chenyewe hakifuati karatasi yake. Nilirudi huko Juni, nikasimama kando nikitazama. Bugenvilia zao zote zilikuwa juani tangu asubuhi, zimebanwa ndani ya viriba vidogo hadi mizizi ikatoboa chini, nazo zilisubiri maji mpaka kijana mwenye mpira apate nafasi, na siku nyingine, kwa jinsi udongo ulivyokuwa umepasuka, nadhani hakuipata. Zilikuwa zimechanua kupita kiasi. Jua, kubanwa kwa mizizi na kiu ya kadiri ndivyo vinavyoifanya bugenvilia ichanue, na karatasi niliyopewa ilikuwa imeamuru kinyume cha viwili kati ya hivyo. Zile chembe nyeupe zilikuwa urea, ambayo asilimia 46 yake ni naitrojeni, kirutubisho cha majani. Kuiita mbolea ya maua ni kosa ambalo muuzaji wa miche hapaswi kulifanya.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wa huku kwetu wanapaswa kulijua, hasa wanaojifunza kupitia video za nchi za mbali. Bugenvilia, ambayo asili yake ni Amerika Kusini, huchochewa pia na siku fupi zenye usiku mrefu, na wakulima wa nchi zenye majira ya baridi huyategemea mabadiliko hayo. Dar es Salaam tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote haifiki saa moja, hivyo anayesubiri mchana ufupike atasubiri sana. Kwetu chombo cha kazi ni maji.

Katikati ya Juni niliuhamishia mti wangu kwenye uwanja wa nyuma, mahali penye jua kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, lakini kwanza niliutoa chunguni. Hapo nikakutana na lalamiko langu la pili kwa ukubwa: ndani ya chungu kile kizuri cha kung'aa mti ulikuwa bado ndani ya kiriba chake cheusi, umezungushiwa udongo wa mfinyanzi na kufunikwa kokoto nyeupe juu, na tundu pekee la kutolea maji lilikuwa limezibwa nusu kwa saruji. Nilikata kiriba kwa wembe na kukiondoa polepole bila kuvunja bonge la udongo, kwa kuwa mizizi ya bugenvilia ni myepesi kukatika na haisamehi kirahisi. Tundu nililipanua kwa msumari na nyundo, na pembeni nikajaza mchanga wa mtoni uliochanganywa na udongo tifutifu. Kubana kwa mizizi sikukugusa, maana ndiko nilikokutaka.

Siku hiyo hiyo nilikata kila tawi refu nikaacha majani mawili au matatu, kisha nikaacha mkasi kabisa. Machipukizi mapya yalipofikia urefu wa shubiri moja, katikati ya Julai, niliyakata ncha kwa kucha na kuanza kuubania mti maji. Hili ndilo jambo linalohitaji jicho. Majani ya bugenvilia yakilegea saa saba mchana kisha yakasimama tena jua linapopungua, mti bado unajiweza. Yakiwa yamelegea hata saa kumi na mbili jioni, wakati umefika wa kuupa maji, tena kikombe kimoja tu. Nilizoea kukinyanyua chungu kwa mkono mmoja ili kukisikia uzito wake, kwa sababu udongo wa juu hudanganya. Chungu cha bonsai ni kifupi na kinaweza kukauka kabisa kwa siku moja ya jua, kwa hiyo anayesafiri mara kwa mara asijaribu mbinu hii. Mti unaotafutiwa maua na mti unaokufa kwa kiu hutenganishwa na alasiri moja.

Niliendelea hivyo kwa siku ishirini na tatu. Asubuhi ya siku hiyo ya mwisho niliona, kwenye makwapa ya majani karibu na ncha, vidoti vyekundu vidogo kuliko kichwa cha kiberiti, mahali ambapo Mei palikuwa na miiba. Papo hapo nikaurudishia maji yake ya kawaida, kwani tumba likishatokea kiu haisaidii tena bali huliangusha. Kufikia wiki ya tatu ya Agosti mti mzima ulikuwa wa zambarau, na wakati naandika, mwisho wa Septemba, bado haujamaliza.

Lazima niseme pia kwamba majira yalinisaidia. Kipupwe ni kikavu, na bugenvilia za uzio wa jirani, ambazo hakuna aliyezibania wala kuzipa chochote, zilichanua kipindi hicho hicho. Hata hivyo za jirani zilikuwa na maua pia Februari wakati wangu ulikuwa ukizalisha miiba barazani, na hilo linanitosha kuamini kwamba shida ilikuwa kwenye matunzo. Wakati wa masika sitajaribu kubania maji chini ya mvua; nitausogeza mti chini ya ukingo wa paa upande wa jua, na nikikosa maua sitashangaa.

Kuhusu mbolea, sasa natumia NPK 17-17-17, yaani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa, nusu kijiko cha chai kila mwezi, tena baada ya matumba kuonekana. Maganda ya ndizi niliyoshauriwa kuyafukia yalileta sisimizi tu. Majivu ya jikoni nimeyaacha, kwa kuwa bugenvilia hupenda udongo wenye uchachu kidogo nayo majivu huupunguza uchachu huo, na maji ya kisima tunayotumia huku tayari ni ya chumvi. Majani yakibadilika kuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, namwagilia maji ya mvua niliyokinga.

Je, ningenunua tena hapo? Shina zao ni nzuri, bei zao zinazungumzika, na sijaona kitalu kingine cha karibu chenye magogo ya umri ule. Anayekwenda huko achague mti ulio ndani ya kiriba badala ya chungu, aone mizizi ikichungulia chini, akwaruze makovu ya msumeno, na asitekwe na ile iliyounganishwa rangi tatu kwenye shina moja, kwa sababu rangi yenye nguvu huzimeza nyingine na mwishowe unabaki na moja. Mimi nilirudi wiki iliyopita nikachukua wa pili, wa maua meupe, usio na ua hata moja, kwa shilingi 40,000. Muuzaji aliniandalia kifuko cha chembe nyeupe na karatasi ile ile. Mti niliupakia kwenye bajaji; karatasi na kifuko niliviacha juu ya meza yake.