MuseScore 4 kwa bendi za matarumbeta: karatasi ya kila chombo

Mwalimu wa bendi ya kanisa, awe Iringa, Tukuyu au Njombe, anajua usiku unaoishia kwenye kunakili: wimbo mmoja, karatasi tofauti za tarumbeta ya B♭, saksafoni alto ya E♭, tromboni na tuba. MuseScore 4, programu ya kompyuta ya kuandika nota, ni ya bure na kazi hiyo inaiweza vizuri sana, mradi uheshimu kitufe kimoja kilichoko chini kulia: "Concert Pitch".

Bonyeza I, chagua vyombo, kisha washa kitufe hicho uandike sauti zote kama zinavyolia kwenye kinanda. Ukimaliza, kizime, programu ihamishe nota za kila chombo zifuate ufunguo wake. Wimbo wa F wenye flati 1 utahamia G yenye shapu 1 kwa tarumbeta na D yenye shapu 2 kwa alto; tromboni na tuba hubaki F. Usipoyaona mabadiliko hayo, usichapishe. Kosa linalotokea mara nyingi ni kutoa PDF kitufe kikiwa bado kimewaka: tarumbeta zinashuka toni nzima chini ya kwaya, na lawama zinamwangukia mpigaji asiye na hatia.

Kabla ya yote, muulize mpiga tarumbeta sauti ya chini ya vidole vitupu, yaani bila kubonyeza vali yoyote, anaiita nota gani. Akisema C, fuata njia hiyo. Akisema B♭, amefundishwa kwa mtindo wa Kijerumani wa kusoma sauti halisi, na nota zilizohamishwa zitampandisha toni nzima. Huyo mchagulie tarumbeta ya C kwenye orodha ya vyombo.

Nyimbo za gitaa za E ni mtihani: tarumbeta inapata shapu 6, alto 7. Programu inaweza kuziandika kwa flati, ila ni afadhali kuushusha wimbo wote nusu toni kwa "Transpose" iliyo ndani ya "Tools". Kwenye E♭ tarumbeta inabaki na flati 1, alto haina kitu, na mpiga gitaa analegeza nyuzi zake nusu toni.

Karatasi zenyewe zinatoka kwa "Parts", halafu "Open all". Hapa programu inastahili sifa: mapumziko marefu inayakusanya yenyewe, na ukisahihisha nota kwenye nakala kuu, karatasi ya chombo nayo inasahihishika. Wakati wa "Export" chagua faili moja kwa kila chombo, uwatumie wapigaji kwa simu.

Kasoro ipo kwenye kompyuta za zamani. Toleo la 4 linataka mfumo wa biti 64. Wenye mashine dhaifu wabaki na toleo la 3.6.2. Faili la 4 halifunguki kwenye 3, kwa hiyo mkibadilishana kazi pitisheni MusicXML, aina ya faili inayosomwa na programu nyingi za nota, kisha kagueni upya alama za ufunguo. Muse Sounds, sauti za vyombo zinazopakuliwa kando ili kusikiliza wimbo, zinakula bando jingi na kwa kuandaa karatasi hazihitajiki, ziacheni.