Kozi ya kuwa kocha wa uraia: mwaka wangu na watoto kumi na mmoja Minneapolis

Wenzangu wa Afrika Mashariki tunaosoma hapa Minnesota wameniuliza mara nyingi: ile kozi ya chuo ya kwenda shuleni kuwa kocha wa watoto wanaotafuta dawa ya kero zao ina maana, au ni ya kujazia krediti za kuhitimu tu? Swali ni la haki. Wengi wetu tunalala macho usiku kwenye nyumba za kulelea wazee, asubuhi tuko darasani, na saa tatu za wiki nje ya chuo ni saa tatu za usingizi. Mimi nimeimaliza Mei iliyopita. Jibu langu: ichukue, lakini ichukue mwaka mzima, si muhula mmoja.

Chuo changu sitakitaja, kwa sababu nina malalamiko nacho na nitayasema huko mbele. Mfumo wenyewe unaitwa Public Achievement. Ulianza mwaka 1990 hapa hapa Minnesota, pale Taasisi ya Humphrey ya Chuo Kikuu cha Minnesota, na mwasisi wake ni Harry Boyte, ambaye ujanani alifanya kazi katika shirika la Martin Luther King. Mwaka 2009 kituo chake kilihamia chuo cha Augsburg, mjini Minneapolis, ndani ya mtaa wa Cedar-Riverside ambao ndugu zetu Wasomali wameujaza maduka na misikiti. Siku hizi vyuo na shule za nchi nyingi zimeuchukua, Poland na Afrika Kusini zikiwemo.

Kazi yenyewe ni hivi. Watoto wa shule wanataja mambo yanayowakera, shuleni au mtaani. Wanayajadili, wanapiga kura, yanabaki machache, kisha kila mtoto anachagua jambo lake na timu zinaundwa. Kila timu inapewa kocha, ambaye ni mwanafunzi wa chuo. Mnakutana mara moja kwa wiki. Mradi lazima uwe halali, usiwe na vurugu, na uwe na faida kwa umma. Mengine yote, tangu jina la timu hadi nani atampigia nani simu, ni ya watoto. Kocha hatoi majibu. Kocha anauliza.

Nilidhani hilo la kuuliza ni jepesi. Nimelelewa Mombasa, kwenye nyumba ambayo mtoto akiulizwa jambo na mgeni, mkubwa ndiye anayejibu. Nimesomea vyumba vya madarasa ambavyo mwalimu anauliza swali huku jibu tayari liko kwenye daftari lake. Kukaa kwenye kiti kidogo, magoti yamegusa meza, ukatazama watoto wa miaka kumi na moja wakienda kombo kwa dakika kumi nzima bila kuwasaidia, ni kazi ngumu kuliko kumgeuza mgonjwa kitandani.

Timu yangu ilikuwa ya darasa la sita. Wasomali watano, Wakongo wawili, Mhmong mmoja (jamii yenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki), Mlatino mmoja na Wamarekani weusi wawili. Kero yao ilikuwa theluji. Si theluji kwa jumla, ni theluji ya kona moja karibu na shule, pembeni mwa jengo kubwa la nyumba za kupanga. Gari la kusukuma theluji likipita barabarani linaacha ukuta pale kona, ukuta unaganda, na mtu anayetembea kwa miguu inabidi ashuke barabarani kwenye magari. Watoto walikuwa wanauita "mlima". Bibi mmoja mwenye kigongo walimwona akigeuka na kurudi alikotoka.

Wazo lao la kwanza lilikuwa kununua mabeleshi wachimbe wenyewe. Wazo langu la kwanza lilikuwa baya zaidi. Usiku mmoja nikiwa zamu, saa nane, wazee wamelala, niliandika barua pepe kwa manispaa, barua nzuri yenye aya nne, nikapanga watoto waitie sahihi wiki inayofuata. Nilimwonyesha mwalimu wetu wa chuo. Aliisoma mpaka mwisho, akaniuliza, "Hii barua ni ya nani?" Hakuongeza neno. Niliifuta palepale mbele yake.

Kwa hiyo tukaanza na swali: mlima huo ni kazi ya nani? Watoto wote walijibu, "Ya serikali." Nikawauliza wamejuaje. Wakatafuta, na ikawachukua vikao viwili. Wakakuta kwamba Minneapolis ina kanuni iliyo wazi: theluji ikiacha kuanguka, wenye nyumba za familia moja au mbili wana saa 24 kusafisha njia ya miguu mbele ya nyumba, na wenye majengo makubwa ya kupanga na ya biashara wana muda wa saa 4 tu, zinazohesabiwa mchana. Kona imo, pamoja na pale mtu anaposhukia kuvuka. Kijana mmoja aliyekuwa hasemi tangu Septemba aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta akasema, "Kumbe si serikali. Ni jengo lile." Na mwenzake akajibu, "Mimi naishi jengo lile."

Hapo ndipo tulipochora ramani. Kwenye kozi tumefundishwa kuchora duara katikati, humo jambo lenyewe, na kuzunguka duara kila mtu anayeguswa nalo: nani anaweza kulibadilisha, nani anamjua nani, kila mmoja anataka nini. Watoto waliandika meneja wa jengo, mmiliki, wapangaji, dereva wa basi la shule, diwani, yule bibi wa kigongo, na mama yake yule kijana, ambaye analipa kodi pale kila mwezi. Nikauliza meneja anataka nini. Kimya. Kisha msichana mmoja Msomali, ambaye hana simile, akasema: "Hataki mtu aanguke pale amshitaki." Akaandika hivyo hivyo, kwa kalamu nyekundu.

Nataka kusema kitu juu ya neno moja. Darasani kwetu chuoni tulikaa wiki nzima kwenye neno la Kiingereza "power", ambalo wengi wanalisikia kama ubabe, mtu kumkalia mwingine. Walimu wakaeleza kwamba asili yake ni Kilatini, kitenzi cha kuweza, na Kihispania bado kinalo hilo waziwazi. Wamarekani darasani walishangaa. Mimi nilikaa nikawaza, lugha yangu inalisema siku zote: uwezo ni kuweza. Sisi tuna mamlaka, tuna nguvu, tuna madaraka, na kando ya hayo yote tuna uwezo, ambao hakuna anayehitaji kuteuliwa ili awe nao. Kule kwetu tumezoea kusema kuna wananchi na kuna wenyenchi, na tumeridhika kuwa upande wa kwanza. Bomba likipasuka mtaani tunaruka maji kwa wiki tatu tukisema wenyewe wataona. Nilipowaambia wale Wakongo wawili, kwa Kiswahili, kwamba tunachochora pale ni ramani ya uwezo, si ya wakubwa, nyuso zao zilifunguka.

Mmoja wao, msichana ambaye familia yake ilitoka Goma ikapita kambi ya Nakivale, Uganda, ndiye aliyechaguliwa kupiga simu. Walifanya mazoezi wiki mbili. Mmoja anajifanya meneja mpole, mwingine meneja mkali, mwingine anakata simu katikati. Siku yenyewe tulipewa ofisi ndogo ya shule. Kabla ya kubonyeza namba alinigeukia: "Dada, batanisikia kweli?" Nikamwambia, "Wewe unaonaje?" Akavuta pumzi, akapiga.

Alijitaja, akataja timu, akaeleza kona, akasoma kanuni. Upande wa pili kukawa kimya, halafu sauti ya mwanamume ikauliza kama mwalimu wake yupo hapo, azungumze naye. Watoto kumi na mmoja wakanitazama. Mkono wangu ulikuwa tayari umeanza kuinuka kwenda kwenye simu. Nikaurudisha mapajani. Msichana akasubiri kidogo, akasema: "Kocha wetu yupo, lakini kazi hii ni yetu. Tunaweza kuja kukuona Alhamisi?"

Meneja hakukubali Alhamisi ile. Wala iliyofuata. Watoto wakawa wanapima mlima kwa rula kila theluji ikianguka, wanaandika tarehe na kupiga picha. Siku moja ulifika sentimita 70. Mama wa yule kijana akawakusanya wapangaji wenzake kwenye chumba cha kufulia nguo, wakazungumza huku mashine zikizunguka. Machi, meneja alikuja shuleni mwenyewe, akakaa kwenye kile kiti kidogo, akasikiliza dakika ishirini. Akasema kampuni inayosafisha theluji imelipwa kwa mlango na maegesho tu, kona haimo kwenye mkataba. Akaahidi kuiingiza mkataba ukija kufanywa upya. Watoto wakaomba ahadi hiyo iandikwe, ikaandikwa.

Baada ya kila kikao kuna dakika chache za kupima: nini kimekwenda vizuri, nini hakikwenda, nani hakusikika leo. Kisha makocha wenyewe tunakutana na mwalimu wetu, tunapimana vilevile. Kwangu hiki ndicho kilichofundisha kuliko vitabu vyote vya kozi. Niliambiwa wazi kwamba ninawatazama zaidi watoto wanaoongea. Niliambiwa kwamba nikitaka jibu fulani sauti yangu inapanda. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia hivyo kabla, na nimesoma miaka kumi na mitano.

Kozi pia inakufundisha mfumo huu umetoka wapi. Tulisoma shule za uraia za Johns Island, South Carolina, ambako mwaka 1957 Bernice Robinson, mwanamke mwenye saluni ambaye hakuwa mwalimu, alianza kuwafundisha watu wazima weusi kusoma na kuandika nyuma ya duka la ushirika, ili waweze kujiandikisha kupiga kura. Nyuma yake alikuwapo Septima Clark, mwalimu aliyefukuzwa kazi mwaka 1956 kwa kuwa mwanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi. Tulisoma pia shule ya St. Bernard's, St. Paul, moja ya mahali pa mwanzo pa Public Achievement, ambako watoto walitaka uwanja wa kuchezea, majirani wakahofia utaleta magenge ya wahalifu, na watoto wakazunguka miaka kuwashawishi majirani, parokia na manispaa hadi uwanja ukajengwa. Miaka, si miezi. Nilipenda kwamba hawakutuficha hilo.

Sasa malalamiko. La kwanza na kubwa ni kalenda. Chuo changu kinaiuza kozi kwa muhula, na makocha watatu wa kundi letu waliondoka Desemba baada ya kupata krediti zao. Timu zao zikapewa watu wapya Januari. Watoto wa timu moja walimwuliza kocha mpya, "Na wewe utaondoka lini?" Kuwafundisha watoto kwamba jambo la umma linahitaji mtu wa kubaki nalo, kisha kuwatumia watu wasiobaki, ni kosa, na nililiandika kwenye tathmini ya mwisho kwa herufi kubwa.

La pili, maandalizi ni mafupi. Tulipewa Jumamosi mbili. Hakuna aliyetuandaa kwa mtoto anayelia, au kwa kikao ambacho nusu ya timu imeitwa kwenye mtihani, au kwa siku ambayo kengele inalia dakika ishirini kabla ya wakati. Kikao kwenye karatasi ni saa nzima. Ukitoa kuingia, kukaa na kutulia, una dakika 40.

La tatu, nauli ni yako. Nilipanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, kwenye baridi ya kutoboa mfupa. Chuo kinachotoza ada ile kinaweza kununua kadi za basi.

Inamfaa nani? Mtu anayesomea ualimu, asifikirie mara mbili. Mnaosomea uuguzi pia, kwa sababu utajifunza kumsikiliza mtu bila kumkatiza. Anayetafuta kozi nyepesi aiache, atawaumiza watoto. Na kwa mwenzangu anayepanga kurudi nyumbani: Katiba yetu ya Kenya ya 2010 imetaja ushiriki wa wananchi kwenye Kifungu cha 10, na Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Maneno tunayo. Mazoezi ya kuyatumia ukiwa na miaka kumi na moja, hayo ndiyo sikuyapata, na ningependa mdogo wangu ayapate.

Wiki iliyopita nilipita pale kwa basi, siku moja baada ya theluji. Kona ya jengo lile imechimbwa, njia ya upana wa mabeleshi mawili. Ng'ambo ya barabara, mbele ya jengo jingine, mlima bado upo.

Ukiamua kujiandikisha, jua kwamba huwezi kuingia shuleni kabla ya rekodi yako ya polisi kukaguliwa, na ukaguzi unachukua wiki kadhaa. Peleka fomu Agosti. Mimi nilipeleka Septemba, nikakosa vikao viwili vya mwanzo, na mpaka leo sijui watoto walibishana nini siku ile walipochagua theluji.